Mbona daktari hakuulizi kuhusu pombe?

IKIWA umekwenda kwa daktari hivi karibuni, hebu jaribu kukumbuka ulivyopokewa. Bila shaka ulipimwa presha. Ukapandishwa kwenye mizani, ukawekewa kipimajoto, na pengine ukaulizwa kama kuna dawa inayokudhuru. Kama wewe ni mama, uliulizwa pia siku zako za mwezi.

Je, kuna aliyekuuliza kama unakunywa pombe, na unakunywa kiasi gani?

Wasomaji wengi watajibu la. Na wale walioulizwa, aghalabu waliulizwa wakiwa tayari wamelala kitandani, macho ya manjano na tumbo limejaa maji, wakati ambapo jibu linajulikana hata na mfagiaji wa wadi.

Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa chochote. Kwa miaka mingi nimeketi katika chumba kidogo cha kliniki nikiwatibu watu wa mji wetu homa, kikohozi, presha, kisukari na maumivu ya mgongo. Na lazima nikiri kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwa nikiuliza kuhusu pombe. Ama nilikuwa nikiuliza vibaya, jambo ambalo ni sawa na kutouliza.

Nilikuwa nikisema hivi: “Mzee, wewe si mtu wa kunywa pombe, sivyo?” Huku nikiandika. Mgonjwa naye hujibu, “La, daktari, kidogo tu.” Basi tunaendelea na mambo mengine, kila mmoja ameridhika.

Kisa kilichonibadilisha ni hiki. Nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asitambulike, ingawa amenipa ruhusa ya kukisimulia.

Alikuwa mwanamume wa miaka 50 na kitu, karani mstaafu, mtu nadhifu, mwenye kuvaa tai hata akija kliniki. Kwa miaka miwili nilimtibu presha. Nilianza na dawa moja, nikaongeza ya pili, na hatimaye ya tatu. Presha haikushuka. Nilimwambia apunguze chumvi, akapunguza. Nilimwambia atembee, akatembea. Nilimshuku kwamba hamezi dawa, mkewe akaniapia kwamba humeza mbele yake kila asubuhi.

Siku moja ya Ijumaa aligongwa na pikipiki akavunjika mguu. Akalazwa katika hospitali moja hapa nchini ili afanyiwe upasuaji. Jumamosi alikuwa akitetemeka mikono na kutokwa na jasho, wakasema ni uchungu. Jumapili usiku alianza kung’oa mpira wa maji mkononi, akipiga kelele kwamba kuna siafu juu ya blanketi. Akawa hamjui mkewe. Wauguzi walimfunga kitandani kwa shuka. Mmoja alisema ni kichwa kimeumia katika ajali, mwingine akasema ni malaria iliyopanda kwenye ubongo. Jamaa zake wakamwita mhubiri.

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye kadi yake ya presha. Nilipofika nilikuta mtu anayewaka moto, mapigo ya moyo mbio, macho yakitazama pembeni. Nikamvuta mkewe kando nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza yeye wala mumewe kwa miaka miwili.

Akaniambia bila kusita. Kila jioni, kota moja ya pombe kali. Siku ya pensheni, zaidi. Na miezi ya karibuni alikuwa amezoea kunywa kidogo asubuhi, kile ambacho vijana wetu hukiita “kutoa loki”, ili mikono itulie aweze kushika kalamu.

Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla huasi. Kutetemeka na jasho huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa kinaweza kufuata katika siku mbili za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne ndiyo ya hatari zaidi: mgonjwa huona visivyokuwapo, joto la mwili hupanda, na akikosa matibabu anaweza kufa. Dawa yake haitoki ng’ambo. Ni daizepamu na vitamini B1, vitu vinavyopatikana katika hospitali nyingi, mradi tu mtu ajue kwamba anavihitaji.

Alipona. Lakini siku ile, tukiwa tumesimama kwenye ujia wa wadi, mkewe aliniuliza, kwa upole kabisa: “Daktari, miaka miwili hii yote tumekuwa tukija kwako. Mbona hukuwahi kumuuliza?”

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana naandika makala haya.

Maoni yangu ni kwamba kila mtu mzima anayeingia katika zahanati, kituo cha afya au kliniki ya kibinafsi humu nchini anastahili kuulizwa kuhusu pombe, angalau mara moja kwa mwaka, kwa maswali yaliyopangwa, kama vile anavyopimwa presha. Nasema kila mtu. Asiulizwe tu yule anayenuka pombe au aliyevaa ovyo. Aulizwe mzee wa kanisa, mwalimu mkuu, mama wa sokoni, askari na bibi harusi.

Baadhi ya watu watasema, “Daktari, walevi tunawajua.” Hapo ndipo tunapokosea. Tunawajua walevi waliokwisha kuporomoka: yule anayelala mtaroni na kuimba usiku. Hao ni wachache. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa takriban Mkenya 1 kati ya kila 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe wakati huo, na kwamba takriban 1 kati ya 20 alikuwa na matatizo ya uraibu wa pombe. Gawanya idadi hiyo katika foleni ya kliniki yako. Nikiwaona wagonjwa 40 kwa siku, huenda wawili kati yao pombe imekwisha kuwashika. Ni siku gani niliwahi kuwatambua wawili?

Na nje ya hao wawili, wapo wengine ambao si waraibu kamwe lakini wanakunywa kiasi cha kujidhuru. Hawakosi kazini, hawapigi wake zao, hawana deni kwa mama pima. Shida yao inajificha katika presha isiyoshuka, usingizi usiotulia, tumbo linalochoma, kisukari kinachopanda na kushuka, na ajali ya Jumamosi usiku. Hawa ndio wanaofaidika zaidi wakiulizwa mapema, maana bado wanaweza kupunguza wenyewe.

Jambo ambalo huenda msomaji halijui ni kwamba chombo cha kuulizia hakikuletwa kwetu kutoka mbali kama msaada. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kipimo chenye maswali 10 kiitwacho AUDIT. Kipimo hicho kilitengenezwa kutokana na utafiti uliofanywa katika nchi sita, miongoni mwa wagonjwa wa vituo vya afya vya kawaida. Nchi hizo zilikuwa Australia, Bulgaria, Mexico, Norway, Marekani na Kenya. Naam, Kenya hii yetu. Wagonjwa wetu walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuunda kipimo ambacho leo kinatumika kote ulimwenguni, ilhali katika vyumba vyetu vingi vya daktari hakijulikani hata kwa jina.

Maswali 10 huchukua dakika mbili au tatu hivi. Lakini kuna toleo fupi, lenye maswali matatu ya kwanza pekee, na hilo ndilo ninalotumia mimi. La kwanza, ni mara ngapi unakunywa kitu chenye kileo? La pili, siku unapokunywa, huwa unakunywa vipimo vingapi? La tatu, ni mara ngapi hufikisha vipimo sita au zaidi katika kikao kimoja? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 12. Mwanamume akipata 4 au zaidi, au mwanamke 3 au zaidi, basi inafaa mazungumzo yaendelee na maswali saba yaliyobaki yaulizwe. Katika yale 10, ambapo jumla ya juu ni 40, alama 8 ndiyo inayotufanya tukae sawasawa kitini.

Shida iko katika swali la pili, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo maana hesabu hii ndiyo inayowashangaza wengi.

“Kipimo kimoja” katika AUDIT ni gramu 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4 hadi 5 ina gramu 16 hadi 20 hivi. Kwa hivyo chupa moja si kipimo kimoja, inakaribia viwili. Kota ya pombe kali, yaani mililita 250 zenye nguvu ya asilimia 40, ina karibu gramu 80. Hivyo ni vipimo vinane. Mzinga wa mililita 750 una karibu vipimo 24. Karani wangu aliyekuwa akinywa “kota moja tu” alikuwa akimaliza vipimo vinane kila jioni, kabla hatujahesabu cha asubuhi.

Na hivyo ni vinywaji vilivyo na kibandiko. Chang’aa haina kibandiko. Busaa hupimwa kwa mkebe, mnazi kwa chupa au kibuyu, muratina kwa pembe. Nguvu ya leo si nguvu ya jana, na mpishi wa mtaa huu si mpishi wa mtaa ule. Kwa hiyo mimi siwaulizi wagonjwa “vipimo”. Namuuliza mtu anakunywa nini, kwenye chombo gani, na chombo hicho hujazwa mara ngapi. Akisema mkebe, namuuliza mkebe wa ukubwa gani. Nimejifunza mengi kuhusu mikebe kuliko nilivyofunzwa chuoni kuhusu ini.

Chukua mfano wa kijana ambaye hunywa Jumamosi pekee, chupa nne za bia, akitazama mpira. Anajiona mtu wa kiasi, na majirani humsifu. Kunywa mara nne kwa mwezi kunampa alama 2. Chupa nne ni kama vipimo 7, hiyo ni alama 3. Kufikisha sita au zaidi kila wiki ni alama 3 nyingine. Jumla ni 8 kati ya 12, maradufu ya kiwango kinachotakiwa kutushtua. Sisemi kijana huyu ni mlevi. Nasema ana jambo la kuzungumza na daktari wake, hasa kama huendesha gari kurudi nyumbani.

Sasa tuje kwenye pingamizi, maana madaktari wenzangu wamekwisha kunitolea kadhaa tukinywa chai.

Ya kwanza ni muda. Foleni ni ndefu, wagonjwa wamekaa kwenye fomu tangu alfajiri, nawe unataka tuanze kuhesabu mikebe! Hoja hii haina uzito mkubwa. Maswali matatu humaliza dakika moja, na si lazima yaulizwe na daktari. Muuguzi anayepima presha anaweza kuyauliza wakati mkanda unajaa upepo. Nimehesabu muda niliopoteza nikimwongezea karani wangu dawa za presha ziara baada ya ziara. Ungetosha kuwauliza wagonjwa wote wa mwezi mzima.

Ya pili ni kwamba watu watadanganya. Ni kweli, baadhi yao hudanganya. Hata kuhusu chumvi hudanganya, na kuhusu kumeza dawa, na kuhusu wapenzi wao, lakini hatujaacha kuuliza. Nilichogundua ni kwamba mtu hudanganya kulingana na sura ya anayemuuliza. Ukimuuliza kama polisi, atakujibu kama mshukiwa. Mimi siku hizi husema hivi: “Kuna maswali ambayo namuuliza kila mtu anayeketi kwenye kiti hicho, kwa sababu pombe huingiliana na dawa ninazoandika.” Maneno “kila mtu” hufanya kazi kubwa. Halafu nanyamaza, na kalamu nimeiweka chini.

Ya tatu ni heshima. Nimekumbana nayo. Utamuulizaje Mwislamu, au mama wa Jeshi la Wokovu aliyevaa sare, kama anakunywa pombe? Namuuliza kwa utangulizi uleule, naye hujibu “sinywi”, mara nyingi kwa tabasamu, nami naandika sufuri na kuendelea. Katika miaka yote hii ni mmoja tu aliyekasirika, na baadaye alirudi peke yake kunieleza kwa nini alikasirika.

Mama huyo, ambaye nitamwita mama wa duka, alikuwa amenijia mara kadhaa kwa kukosa usingizi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemwandikia vidonge vya kulala. Kumbe kila usiku baada ya kufunga duka alikuwa akinywa bilauri mbili za pombe kali jikoni, taa imezimwa, watoto wamelala. Vidonge vya usingizi pamoja na pombe huweza kuzima pumzi ya mtu akiwa amelala. Ningeweza kumuua kwa hati yangu mwenyewe, na kila mtu angesema ni moyo.

Wanawake wetu wanaokunywa hunywa kwa siri kuliko wanaume, kwa sababu aibu wanayobebeshwa ni mara mbili. Na mwili wa mwanamke hudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Pombe huongeza uwezekano wa kupata saratani ya matiti, jambo ambalo ni wachache waliowahi kuambiwa. Kwa mjamzito hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kliniki za waja wazito ndizo za kwanza ambazo ningependa kuona maswali haya yakiulizwa, lakini yaulizwe mlango ukiwa umefungwa, si kwenye benchi mbele ya wake wenza na mama mkwe.

Suala hili la faragha ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote. Kadi za wagonjwa hupita mikononi mwa watu wengi. Mwalimu akiandikiwa “pombe” kwenye faili, na faili ikaonwa na binamu wa mwenyekiti wa shule, kazi yake imo hatarini. Kwa hivyo naandika alama tu, kwa tarakimu, karibu na tarakimu za presha. Anayestahili kuelewa ataelewa.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wale wanaosema kazi hii wapewe wahudumu wa afya wa kijijini. Serikali iliwazindua karibu wahudumu 100,000 mnamo Septemba 2023 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, na wanafanya kazi ya maana sana. Lakini mhudumu huyo ni jirani yako. Mtoto wake anasoma na wako, na pengine dada yake ndiye mama pima. Yeye akufundishe kwamba kliniki utaulizwa, asikuulize yeye sebuleni.

Ya nne, na hii ndiyo nzito: ukishamjua, utampeleka wapi? Vituo vya kurekebisha tabia ni vichache na vingi hutoza ada ambayo familia ya kawaida haiwezi kuilipa hata ikiuza ng’ombe. Kuuliza bila kuwa na la kufanya, wanasema wenzangu, ni kumfunua mtu kidonda ukamwacha uani.

Nawajibu kwamba wengi wa watakaopatikana hawahitaji kituo chochote. Wanahitaji dakika 10 za mazungumzo. Unamwonyesha alama zake. Unamweleza zinahusiana vipi na kile kilichomleta. Unamuuliza yeye mwenyewe anaonaje, na yuko tayari kupunguza nini. Mnakubaliana jambo moja, mathalan kuacha pombe kali abaki na bia, au kutokunywa siku za kazi, na unampa tarehe ya kurudi.

Je, hili lafaa? Sitatia chumvi. Mwaka wa 2018 watafiti walikusanya majaribio 69 ya mazungumzo mafupi ya aina hii, wakakuta kwamba baada ya mwaka mmoja, waliozungumziwa walikuwa wakinywa takriban gramu 20 pungufu kwa wiki kuliko wasiozungumziwa. Hiyo ni kama chupa moja ya bia. Mwenzangu mmoja aliposikia hivyo alicheka. Lakini hiyo ni wastani: yupo ambaye hakusikia lolote na yupo aliyeacha kabisa. Na ni kwa gharama ya dakika 10 na maneno. Nionyeshe dawa ya bei hiyo. Mwaka huohuo jopo la wataalamu nchini Marekani lilipendekeza kila mwenye umri wa miaka 18 na zaidi aulizwe kuhusu pombe katika huduma ya kawaida, na anayekunywa kupita kiasi apewe ushauri mfupi.

Kwa wale ambao pombe imekwisha kuwashika, nao pia tuna la kufanya kuliko tunavyodhani. Kule Eldoret, utafiti uliofanywa miongoni mwa wagonjwa wa HIV wanaokunywa, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2021, ulionyesha kwamba washauri wa kawaida waliofunzwa vyema waliweza kuwasaidia wagonjwa hao kupunguza pombe kwa vikao vya kikundi. Vikao viliendeshwa kwa Kiswahili. Hawakuwa madaktari wa akili, ambao tunajua walivyo wachache. Basi isiwe hoja kwamba tusubiri hadi kila kaunti ijengewe hospitali ya Mathari yake.

Tena kuna faida ambayo haihusiani hata na kuacha pombe. Daktari akijua unakunywa, huandika dawa kwa namna nyingine. Atakuonya kuhusu parasetamoli nyingi kwa mtu anayekunywa kila siku. Atachunga ini lako ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu. Atakueleza kwamba ukijidunga insulini kisha ukanywa bila kula, sukari inaweza kushuka hadi upoteze fahamu, na watu wakuache hapo wakidhani umelewa tu. Na ukilazwa kwa mguu uliovunjika, hatangoja siafu watokee.

Nashangaa jinsi nchi hii inavyozungumza kuhusu pombe. Tunazungumza kwa vishindo. Pombe yenye sumu ikiua, kama ilivyotokea Kirinyaga mnamo Februari 2024 ambapo zaidi ya watu 10 walifariki, waziri hutangaza masharti, baa hufungwa, mitungi humwagwa mtoni mbele ya kamera. Mwaka wa 2010 ilipitishwa sheria ya kudhibiti vileo, ile ambayo wananchi waliiita ya Mututho, na saa za kufungua baa zikawa gumzo la taifa. Mimi siyapingi hayo. Lakini chifu na polisi ndio pekee tunaowatuma kwa mnywaji. Mtu huyohuyo huja kliniki mwenyewe, kwa miguu yake, anaketi, anakunja mkono wa shati apimwe. Halafu sisi tunanyamaza.

Pengine tunanyamaza kwa sababu nasi tunakunywa. Nimeona daktari akikwepa swali hili kwa kuwa jibu la mgonjwa lingemhukumu yeye. Kwa wenzangu wa aina hiyo, jazeni yale maswali matatu wenyewe kwanza, usiku, mkiwa peke yenu. Mimi nilifanya hivyo. Nilipata 5, na sikufurahi.

Kwako msomaji, usingoje. Ukiwa kliniki wiki ijayo na hakuna aliyekuuliza, lianzishe wewe: “Daktari, mimi hunywa kiasi hiki; je, kinahusiana na ugonjwa huu?” Ukiona aibu, simu ya NACADA ya 1192 hupigwa bila malipo. Lakini nakuomba jambo moja. Ikiwa unakunywa kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka hadi uonje kidogo, usiache ghafla nyumbani eti kwa sababu umesoma makala haya. Wala mama usimfungie mumeo chumbani kwa nia njema. Njooni kwanza hospitalini, mseme ukweli, apewe dawa za kumvusha siku hizo chache.

Karani wangu bado huja kila mwezi. Anachechemea kidogo na anavaa tai yake. Dawa za presha zimebaki mbili. Juzi alipoketi alikunja mkono wa shati, na kabla sijafungua kinywa akaniambia: “Mwezi huu hakuna. Mwezi uliopita, kwenye matanga ya shemeji, bilauri moja.”

Nikaandika, chini ya presha.